Dada Fundi Anajibu: Vifuniko Vitano vya Oili

SWALI: Dada Fundi, hujambo. Mimi nakata kuni huku Limuru, mikaratusi zaidi, napelekea shule mbili na kiwanda kimoja cha majani chai. Hii ni pawaso, yaani msumeno wa injini, ya pili kuniharibikia ndani ya miaka miwili. Ya kwanza ilikuwa ndogo na ya bei rahisi, nikajilaumu mwenyewe. Ya pili ni kubwa, injini ya cc 72, nilikopa chamani ili niinunue. Imefanya kazi miezi saba, siku moja ikapunguza sauti katikati ya gogo, ikazima, na sasa hata kamba haivutiki. Kwa kila lita tano za petroli huweka vifuniko vitano vya oili, kifuniko cha chupa ya soda ya nusu lita, kama alivyonionyesha aliyeniuzia. Oili natumia ile ya bodaboda. Nimefungua silinda na kukutumia pistoni kwa matatu uiangalie, pamoja na kichupa cha mafuta ninayochanganya. Je, nibadilishe kampuni? Au mkaratusi ni mgumu mno kwa mashine hizi?
Mkata kuni, Limuru

JIBU: Kaka, pistoni yako ilinifikia hapa Kariobangi Light Industries Jumanne mchana, imeviringishwa kwenye gazeti na kufungwa kwa mpira wa tairi. Umefanya vyema sana kuituma. Wengi hunieleza ugonjwa kwa maneno, nami nabaki kubahatisha.

Nimeifuta kwa kitambaa nikaiweka chini ya taa. Kichwani pana mshale mdogo, na mshale huo huelekea upande wa eksozi. Upande huo umechunika. Michirizi imeshuka toka juu hadi chini kana kwamba mtu ameuparura kwa msumari, na ringi imeshikana na mfereji wake, nimeisukuma kwa bisibisi nyembamba haikutikisika. Nikaigeuza. Upande wa pili, unaotazama kabureta, ile mistari myembamba ya kiwandani bado inaonekana. Kama ni vumbi lingekuwa limeiua, upande huu ndio ungesagika kwanza na kuwa na rangi ya kijivu isiyong'aa, kwa maana vumbi huingia na hewa. Filta yako basi ulikuwa ukiisafisha, na hilo nakupongeza. Mwisho nikapitisha kidole ndani ya pistoni, pale pini inapopita. Pakavu kabisa. Pistoni iliyolishwa vizuri huacha utelezi kidoleni hata ikikaa wiki mezani.

Kampuni usibadilishe. Na mkaratusi usiusingizie, mti huo haujafanya kosa. Mashine yako imekufa kwa kiu ya oili.

Nilichukua kifuniko cha soda kama hicho chako, nikakijaza kwa bomba la sindano hadi ukingoni. Zikaingia mililita 7 hivi. Vifuniko vitano ni mililita 35. Lita tano ni mililita 5,000. Piga hesabu utaona ulikuwa ukiweka sehemu moja ya oili kwa sehemu 143 za petroli. Pawaso nyingi za siku hizi zinataka sehemu moja kwa 50, yaani mililita 100 kwa hizo lita tano zako. Umekuwa ukiipa theluthi moja tu ya chakula chake, halafu unaituma ikavunje mawe. Miezi saba imejitahidi kweli.

Nataka uelewe kwa nini kiasi hicho kidogo kina uzito mkubwa hivi. Gari au bodaboda ina sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili inakaa humo na kuzungushwa. Pawaso haina sampu. Oili yote inayoifikia pistoni, silinda na beringi za krenki ni ile iliyosafiri ndani ya petroli, ikapita, ikalainisha, ikaungua, ikatoka na moshi. Na injini hii ikivutwa mafuta yote bila mzigo huweza kuzunguka mara 12,000 kwa dakika na zaidi. Hiyo ni mara 200 kwa sekunde moja, pistoni ya aluminiamu ikisuguana na silinda. Oili ikipungua, pistoni hupata joto, hutanuka, na nafasi kati yake na silinda huisha. Huanza kujichuna upande wa eksozi kwa sababu ndio wenye moto zaidi. Ile kupunguza sauti uliyoisikia katikati ya gogo ndiyo ilikuwa dalili. Siku nyingine ukiisikia, achia kifyatulio cha mafuta papo hapo, usiendelee hata kwa sekunde tatu.

Sasa vipimo. Tupa kifuniko. Ingia duka lolote la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Bomba moja lililojaa kwa kila lita moja ya petroli, basi umepata 50 kwa 1. Lita tano, mabomba matano. Ikiwa kitabu cha mashine yako kinataka 25 kwa 1, kama zilivyo nyingi za zamani na hata mpya zinapotumia oili ya kawaida, weka mabomba mawili kwa lita. Bomba hilo ni bei ya chai na mandazi, na ndicho kifaa ninachokigusa mara nyingi kuliko vyote benchini kwangu.

Kuhusu aina ya oili, hapa sitakuficha. Oili ya bodaboda imetengenezwa ikae ndani ya injini, haikutengenezwa iungue. Ukiiunguza huacha majivu na masizi magumu kwenye ringi, kwenye plagi na kwenye tundu la eksozi, na ndiyo maana hata ringi yako imegandia. Tafuta chupa iliyoandikwa 2T, yaani oili ya kuchanganywa na petroli, kisha geuza nyuma usome maandishi madogo ya alama za ubora. Ukiona JASO FD, au ISO-L-EGD, hiyo nunua. FC pia ni nzuri. Ukiona TC-W3, rudisha rafuni: hiyo ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji, na pawaso hupozwa kwa upepo tu, joto lake ni jingine. Hakikisha mfuniko haujaguswa. Usinunue oili inayopimwa kutoka kwenye pipa hata muuzaji akiapa.

Namna ya kuchanganya ni hii. Tia petroli nusu ya jerikeni, tia oili yote, funga, tikisa. Jaza petroli iliyobaki, funga, tikisa tena. Na kila unapotaka kujaza tangi la mashine, tikisa kwanza. Jerikeni iwe safi na kavu. Ile iliyokuwa ya mafuta ya kupikia hata ukiiosha hubakiza maji na ute, na maji kwenye kabureta ni balaa. Changanya ya kukutosha wiki mbili au tatu. Mchanganyiko uliopita mwezi mzima, hasa uliokaa juani, nguvu zake hupungua na huacha gundi.

Kuna jaribio moja nililofundishwa na mjomba wangu aliyenipa benchi hili. Ukiokota jerikeni na hukumbuki kama ulishatia oili, chovya kijiti, dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe, subiri dakika kadhaa. Petroli tupu itakauka bila kuacha kitu. Iliyochanganywa itaacha doa la mafuta, na ukiishika karatasi kuelekea dirishani utaona mwanga unapenya pale. Nimefanya hivyo na mafuta uliyonitumia kwenye kile kichupa. Doa lilikuwepo, jembamba kama la jasho. Nikadondosha na langu pembeni yake. Ungeyaona mawili hayo yamelala pamoja usingeuliza swali la pili.

Lakini sasa usije ukaogopa mpaka ukamwaga oili kupita kiasi. Watu husema oili nyingi haidhuru. Inadhuru. Tundu la eksozi huziba kwa masizi, plagi hulowa, mashine hutoa moshi kama jiko la kuni mbichi na kupoteza nguvu. Na kwa kuwa kitundu cha kabureta hupitisha kiasi kilekile, oili ikizidi ndani yake petroli hupungua, na petroli ikipungua moto huzidi. Pima, basi.

Kuhusu mkaratusi wenyewe. Ukiweza, ukate na kuupasua ukiwa mbichi, maana ukikauka huwa kama chuma. Maganda yake hutoka nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye sproketi, ile gurudumu lenye meno linaloizungusha cheni, na kuziba mapezi ya kupozea silinda, kwa hiyo kila jioni fungua kifuniko cha pembeni uzitoe kwa brashi. Magogo yaliyoburutwa kwenye ule udongo wenu mwekundu hubeba mchanga ndani ya ganda. Pitisha panga kwanza pale utakapokatia, na uweke gogo juu ya gogo jingine ili cheni isiguse chini. Mguso mmoja wa ardhi huua makali ya cheni nzima.

Na makali yana uhusiano mkubwa na uhai wa injini kuliko watu wanavyodhani. Angalia kinachotoka. Vipande vidogo kama makombo ya chapati, cheni ni kali. Unga kama wa ugali, cheni ni butu, na wewe bila kujua umeanza kuilalia mashine kwa kifua ili ikate. Hapo mizunguko hushuka, feni hupoza kidogo, joto hupanda. Nakushauri upitishe tupa kila unapomaliza tangi moja: mipigo miwili au mitatu kwa kila jino, tupa ielekee nyuzi 30, sukuma tu, usirudishe. Mashine yako huenda ina cheni ya robo tatu ya nusu inchi, ile inayoandikwa 3/8. Tupa yake huwa mduara wa milimita 5.2 au 5.5 kulingana na mtengenezaji, kitabu kitakuambia. Ukimaliza kukata gogo kubwa, usizime ghafla. Iache iungurume taratibu kwa muda mfupi, feni ilitoe joto, ndipo uzime. Ipoe kabla ya kujaza mafuta, na ukishajaza, sogea hatua nne au tano kutoka pale ulipojazia kabla ya kuiwasha.

Silinda yako iletwe. Mara nyingi ile aluminiamu iliyogandia ukutani huweza kuondolewa na silinda ikabaki nzima, ukanunua pistoni na ringi tu. Usimkubalie mtu anayekuambia ununue injini nzima kabla hajaipima.

SWALI: Hujambo Dada Fundi. Nina uwanja wa kuni Kikuyu, nauzia hoteli za githeri na watu wa nyama choma. Vijana wangu huweka oili chafu ya gari kwenye tangi la cheni. Wanasema cheni haina ufundi, oili yoyote inateleza. Wanaokoa pesa, lakini nimebadilisha bamba, lile linalobeba cheni, mara mbili mwaka huu na mmoja ana upele mikononi usiopona. Ni kweli oili ni oili?
Mama wa kuni, Kikuyu

JIBU: Mama, asante kwa kuwaangalia vijana wako mpaka mikononi. Hapana, si kweli. Oili iliyotolewa kwenye injini ya gari imebeba unga wa chuma na masizi. Unga huo hupita kwenye pampu ndogo ya oili ya pawaso, ukaisaga, kisha ukaenda kwenye mfereji wa bamba ukaufanya kazi ya msasa. Ndiyo mabamba yako mawili.

La ngozi linaniuma zaidi. Cheni inapozunguka, hurusha oili hewani, kwenye mikono, shingoni, na kwenye pua. Oili chafu ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi mtu akizigusa miaka na miaka. Mpeleke kijana huyo hospitalini wamtazame, na leo hiihii oili hiyo iondoke uwanjani. Oili maalumu ya cheni ina mnato unaoifanya isiruke ovyo. Ukiikosa, oili mpya ya injini, SAE 30 au 40, inafaa. Hata mafuta ya kupikia ni afadhali kwa siku moja mbili, ila usiyaache ndani mashine ikilala, maana hugandamana.

Kujua kama oili inafika, mwambie kijana aelekeze ncha ya bamba kwenye kisiki cheupe, umbali wa shibiri moja, avute mafuta. Mstari wa matone utajichora kwenye kisiki. Usipojichora, tundu la oili kwenye bamba limeziba; lizibuliwe kwa waya. Na tangi la oili lijazwe kila petroli inapojazwa, bila kungoja liishe.

SWALI: Dada Fundi, mimi ni wa Kinangop lakini nimepata kazi ya kukata mikorosho mizee na mivinje Kilifi kwa miezi mitatu. Pawaso yangu inafanya kazi vizuri sana huku. Kuna jambo la kuangalia kabla ya kusafiri?
Msomaji, Kinangop

JIBU: Kaka, umeuliza swali ambalo mimi sikumwuliza mtu, nikajuta. Mwaka wangu wa tatu benchini, mteja mmoja aliniletea mashine niisawazishe kabureta. Nikaisawazisha hapa Nairobi, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, ikalia vizuri mpaka mjomba akatikisa kichwa kwa furaha. Sikumwuliza anakwenda nayo wapi. Akaenda nayo Kilifi kama wewe. Baada ya siku kumi na mbili akanirudishia ikiwa imeshika, pistoni imechunika upande wa eksozi. Mafuta aliyachanganya sawasawa, nilijaribu kwa karatasi. Kosa lilikuwa langu. Nililipa pistoni na ringi kwa mshahara wangu, na yule mteja alikuwa ameshapoteza kazi ya watu.

Huko kwenu juu, zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyowekwa huko huwa imebanwa petroli ili ilingane na hewa hiyo. Ukishuka pwani, hewa ni nzito, inaingia nyingi, na petroli imebaki ileile ndogo. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Mashine itakudanganya kwa sauti kali tamu, utadhani imepata nguvu mpya, kumbe inajichoma.

Kwa hiyo ukifika, kabla ya kukata mti hata mmoja, iwashe ipate joto, kisha ufungue skrubu ya kabureta iliyoandikwa H kidogo kidogo, kushoto, robo ya robo ya mzunguko kwa wakati. Vuta mafuta yote bila kukata, kwa sekunde mbili tatu tu: inatakiwa ibabaike kidogo, kama mtu mwenye kikohozi chepesi. Ukiiingiza kwenye mti, kikohozi kiishe na ilie safi. Ikilia safi hata nje ya mti, bado ni kavu, fungua zaidi. Baadhi ya mashine mpya, kama za Stihl zenye M-Tronic na za Husqvarna zenye AutoTune, hujirekebisha zenyewe na hazina skrubu hiyo. Ukirudi Kinangop, funga ulichofungua, la sivyo itakutolea moshi.

SWALI: Pawaso ya marehemu baba imelala stoo tangu serikali ilipofunga ukataji miti mwaka 2018. Tangi lilikuwa na mafuta. Nimevuta kamba, imewaka, lakini nikivuta mafuta inazima. Nibadilishe plagi?
Msomaji, Ngong

JIBU: Pole kwa msiba, na asante kwa kuitunza mashine ya mzee. Zuio lile la misitu ya umma lilipoondolewa Julai 2023 nililetewa nyingi za namna hii, na karibu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Mafuta yaliyobaki ndani yalikauka yakawa gundi, na kile kiwambo cha mpira ndani ya kabureta kikawa kigumu. Mashine inapata mafuta ya kuunguruma tu, ukiomba zaidi hayaji.

Usiivute tena. Mwaga kilichomo tangini, ukinuse: kikinuka kama rangi ya ukutani, hicho ndicho kilichoziba. Badilisha mpira wa petroli na filta iliyo ndani ya tangi, maana mpira wa miaka hiyo hupasuka ukiushika. Kabureta ifunguliwe, ioshwe, iwekewe viwambo na gaskiti mpya. Huuzwa kama seti moja, na Kirinyaga Road utazipata ukienda na kabureta yenyewe mkononi ili namba zilingane. Toa plagi, tia matone machache ya oili ya 2T kwenye silinda, vuta kamba taratibu mara tano bila plagi ili ukuta wa silinda upate utelezi, kwa kuwa nao umekaa mkavu miaka yote hiyo. Ndipo urudishe plagi na utie mchanganyiko mpya, mabomba mawili ya sindano kwa lita kwa tangi la kwanza ikiwa ni mashine ya zamani. Ikiwaka ikatulia, kisha sauti ikapanda yenyewe hujagusa chochote, zima: sili za krenki, zile pete za mpira zinazozuia hewa, nazo zimekauka na zinavuta hewa. Hizo usijaribu kuzitoa kwa bisibisi nyumbani. Niletee.